Diski mpya, kompyuta ya zamani

Swali: Kompyuta yangu ya mwaka 2009 inatumia Windows 7. Nimeiwekea diski ya SSD (isiyo na sahani inayozunguka) niliyoambiwa husoma megabaiti 550 kwa sekunde, lakini kipimo hakivuki 260. Je, nimeuziwa bandia?
Msomaji, Tanga

Jibu: Kwa kipimo hicho pekee, diski haina kosa. Bodi kuu nyingi za wakati huo zina SATA, yaani njia ya kuunganisha diski na bodi, ya kizazi cha pili, ambayo upeo wake ni megabaiti 300 kwa sekunde, na kasi halisi hubaki chini ya hapo. Usijutie fedha yako, kwa kuwa wepesi unaouona kompyuta inapowaka hutokana zaidi na SSD kuyafikia mafaili madogo papo hapo, bila kusubiri sahani izunguke kama kwenye diski za kale.

Kagua BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ikiwa diski imewekwa kwenye IDE, hali ya zamani ya kuwasiliana na diski, ihamishie AHCI, iliyo mpya zaidi, lakini kabla ya hapo fungua rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), tafuta huduma ya msahci, ambayo ni kiendeshi cha AHCI, na ubadilishe thamani ya Start iwe 0, la sivyo utapokewa na skrini ya buluu.

Aidha, kama ulinakili diski iliyogawanywa na Windows XP, huenda sehemu yake inaanzia sekta (kipande kidogo cha diski) ya 63, isiyolingana na mpangilio wa SSD, jambo linaloilazimu SSD kugusa kurasa mbili, yaani vipande vyake vya kuhifadhia data, pale ambapo moja ingetosha. Hapo mimi ningesakinisha upya.