Mradi wa Kwanza Uwe na Mtu wa Kukulalamikia

Vijana wa Lamu wanaojifunza kuandika programu huniuliza swali lile lile, kila mmoja kwa maneno yake: nijenge nini ili nipate kazi? Wengine huja na orodha tayari. Kikokotoo, orodha ya mambo ya kufanya, programu ya hali ya hewa, na wale wenye moyo mkubwa huja na mfano wa Netflix. Nimekaa pande zote mbili za meza ya mahojiano, kwa hiyo nawaambia bila kuzunguka: hivyo vyote ni vya kujifunzia, na kujifunzia hakuna ubaya, lakini msivitangulize kwenye ombi la kazi.

Wepesi wake hausumbui. Programu nyepesi yaweza kuonyesha akili nyingi. Kinachosumbua ni kwamba ulipokuwa ukiijenga hakuna mtu aliyekuuliza chochote. Rangi, majedwali, majina ya faili, hata makosa, yote yalishaamuliwa na yule mwalimu wa kwenye video uliyoifuata. Anayekuhoji akitaka kujua kwa nini ulihifadhi tarehe kama maandishi ya kawaida, utamjibu nini? Na siku hizi akili mnemba yakuandikia orodha ya mambo ya kufanya kabla chai haijapoa, hivyo mwajiri akiiona hajui hata kama wewe uliisoma.

Basi kipimo changu ni hiki. Kabla ya kuuliza utumie lugha gani, uliza: programu hii ikikosea, nani atanipigia simu kulalamika? Ikiwa hayuko, tafuta mradi mwingine.

Watu wa kulalamika hapa Amu, yaani Lamu, tunao tele. Kuna manahodha wa boti za Mokowe, kuna mama apokeaye oda za mahamri na viazi vya karai kwa simu mbili na bado zinampotea, kuna ustadhi wa madrasa aandikaye ada kwenye karatasi za kalenda, kuna mwenye punda wa kubeba mchanga na saruji ambaye wateja wanne humtaka asubuhi ile ile. Mchague mmoja, mwenye shida moja, akaaye karibu hivi kwamba akikuita utaenda kwa miguu. Naona maelezo ya miradi yaliyoandikwa "kwa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki". Hao ni nani? Yupi kati yao umekaa naye?

Nichukue mfano wa nyumba ya wageni, kwa kuwa Shela na Mkomani zimejaa, na kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu ambacho kazi ya kweli itakudai. Usianze na kompyuta. Nenda ukakae na mwenye nyumba, umwombe akufungulie daftari la wageni, na utazame hasa yale yaliyoandikwa pembeni. Majina yaliyokatwa. Mshale unaomhamisha mgeni kutoka chumba cha chini kwenda cha juu. "Kalipa nusu." "Asipewe chumba cha mbele, hapati usingizi kwa adhana." Safu za daftari alizipiga kwa rula siku ya kwanza, hayo ya pembeni ndiyo yaliyomshinda, na ndiyo kazi yako.

Kijana mmoja namjua alimjengea shangazi yake programu ya namna hiyo. Ukurasa ulikuwa mzuri, vyumba vilivyochukuliwa vikionekana kwa rangi nyekundu. Shangazi akavaa miwani, akatazama, akasema, "Mwanangu, mbona vyumba vyangu vyote vimeungua?" Kisha akauliza swali la maana zaidi: "Na huyu aliyetuma nusu, nusu atatoa akifika, nimtie wapi?" Hakuwa na pa kutiwa. Kijana alikuwa ameweka alama mbili tu, amelipa au hajalipa. Ikabidi avunje, malipo yawe jedwali lake peke yake, kila mgeni aweze kuwa na malipo mengi, na deni lihesabiwe kutokana nayo badala ya kuandikwa. Alipoitwa kwenye mahojiano, sehemu kubwa ya muda iliishia hapo, kwenye ile nusu ya shangazi. Kazi aliipata, ingawa sitadai kuwa ni kwa sababu hiyo pekee.

Ndani ya daftari hilo kuna jambo jingine linalowapima watu. Mgeni mmoja anatoka tarehe 5, mwingine anaingia tarehe 5. Je, wamegongana? Hawakugongana, chumba kinafagiliwa saa nne na mgeni mpya anapewa ufunguo saa nane. Wanaoanza huandika masharti marefu ya "kama" hapa mpaka wanapotea. Sharti lenyewe ni fupi: safari mbili zinagongana ikiwa ya kwanza inaanza kabla ya ya pili kwisha, na ya pili inaanza kabla ya ya kwanza kwisha. Andika hilo, kisha uandike majaribio yake, ukiweka na ile ya tarehe 5. Sasa jiulize kitatokea nini wageni wawili wakibonyeza kuomba chumba kimoja kwa sekunde ile ile. Ukikagua kwenye programu tu, wote wawili wataambiwa chumba kiko wazi. Inabidi hifadhidata yenyewe ikatae, na hifadhidata iitwayo PostgreSQL ina njia ya kukataza vipindi vinavyoingiliana katika chumba kimoja. Mwombaji anayeweza kunieleza hilo kwa Kiswahili chake mwenyewe, simwulizi tena kuhusu cheti.

Halafu kuna saa. Mtalii anaandika atafika "saa 2" kwa hesabu yake, mpokea wageni anasoma saa mbili kwa hesabu yetu, na mtu wa boti anasubiri Manda uwanja wa ndege kwa saa sita. Hifadhi wakati kwa saa ya dunia, UTC, na ubadilishe wakati wa kuonyesha tu. Kenya iko saa tatu mbele mwaka mzima, lakini mgeni wa Ulaya nchi yake husogeza saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usijumlishe kwa mkono. Tumia maktaba ya saa na jina la eneo, Africa/Nairobi. Saa ya Kiswahili utaipata kwa kuongeza sita kwenye saa ya kimataifa, kugawanya kwa kumi na mbili na kuchukua baki, na baki ikiwa sifuri ni saa kumi na mbili. Saa 14 inakuwa nane, saa 18 inakuwa kumi na mbili. Mistari michache tu, lakini ukiiweka kwenye kazi yako mbele ya mwajiri wa Nairobi au wa Berlin, anaona mtu aliyefikiria mtumiaji wake. Ningependa kuona vijana wetu wakijivunia kitu kama hicho kuliko kuiga ukurasa wa Netflix.

Malipo yanastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kampuni nyingi za Kenya zinaishi juu ya M-Pesa. Safaricom ina huduma ya Daraja, ya kuunganisha programu yako na M-Pesa, yenye mazingira ya majaribio, ambapo unajaribu bila pesa halisi. Kosa ninaloliona mno ni hili: programu inatuma ombi, Daraja inajibu kwamba ombi limepokewa, na programu inaandika "amelipa". Hajalipa. Simu yake ndiyo kwanza inalia ikimwomba nambari ya siri. Anaweza kughairi, anaweza kukosa salio, mtandao unaweza kukatika akiwa katikati ya bahari. Jibu la kweli huja baadaye kwenye anwani uliyoitoa, na ndani yake kuna nambari ya matokeo: 0 amelipa, 1032 ameghairi mwenyewe. Kwa hiyo malipo yanahitaji hali ya tatu, "yanasubiri", na yanahitaji njia ya kuulizia pale jibu lisipofika kabisa. Jibu likija mara mbili, lisihesabiwe mara mbili. Hifadhi ile nambari ya ombi, CheckoutRequestID, na uiambie hifadhidata isikubali kuirudia. Na nambari za simu watu wataziandika wapendavyo, 07, 01, +254, zenye nafasi katikati. Zipokee zote, uzigeuze mwenyewe ziwe za namna moja.

Funguo za siri za Daraja zisiende GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, hata mara moja. Ukiisha kuzipeleka, kufuta faili hakutoshi, maana Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo wako, hukumbuka hatua zote za nyuma. Funguo hizo zifutwe utoe mpya. Vivyo hivyo kwa majina na nambari za pasipoti za wageni: Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na hata isingekuwapo, mgeni wa shangazi hakuja Lamu awe mfano kwenye kazi zako. Tengeneza wageni wa uongo kwa ajili ya maonyesho.

Mwenye kupenda bahari zaidi ya vyumba atavutiwa na maji kupwa na kujaa. Ni mradi mzuri, kwa kuwa boti za kwenda Pate hutazama maji na ratiba yao haikai saa ile ile kila siku. Maji husogea kwa kama dakika hamsini kutoka siku hadi siku. Lakini angalizo: usijihesabie maji kutokana na mwezi ukawapa watu waende nayo baharini. Tumia jedwali rasmi, sema wazi ni la bandari gani, na umwulize nahodha tofauti ya hapa kwetu. Programu ikimwambia mtu maji yamejaa na chombo kikakwama kwenye mchanga, malalamiko utakayopata siyo yale niliyokuwa nikikutakia.

Lugha ya kuandikia? Fungua matangazo ya kazi unazozitaka, uone zipi zinajirudia, uchukue mojawapo. Nimemaliza. Watu hubishana juu ya hili usiku kucha na hawajaandika mstari.

Asiye na mtu wa karibu, au mwenye haya ya kwenda kuomba daftari la watu, anaweza kuingia kwenye mradi wa wazi, ambao yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kupendekeza marekebisho, uliokwisha kuwa na watumiaji. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi, ilianzia Kenya mwaka 2008 na msimbo wake uko wazi. Huko utakutana na malalamiko yaliyoandikwa tayari. Chagua dogo, kama tafsiri ya Kiswahili iliyokosewa au maelezo ya usakinishaji yaliyopitwa na wakati, ulirekebishe mpaka likubaliwe. Kukataliwa na kuambiwa urudie kwa heshima ni sehemu ya kazi hii, na mwajiri anaweza kusoma mazungumzo hayo yote.

Miradi miwili iliyokwisha inatosha. Iliyokwisha maana yake iko hewani, inafunguka kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao wa kusuasua, na ina faili ya maelezo, README, ambayo mtu mwenye haraka ataielewa: ni ya nani, inatatua nini, inawashwaje, na nini bado haifanyi. Hilo la mwisho vijana huliogopa, wakidhani linawashusha. Mimi hulisoma kwanza. Andika README kwa Kiingereza kama waajiri unaowataka wanasoma Kiingereza, ila kurasa zenyewe ziache kwa Kiswahili ikiwa shangazi anatumia Kiswahili, uweke picha zenye maelezo chini yake. Na hatua za Git zipeleke kidogo kidogo unavyofanya kazi. Mradi mzima ukitua siku moja kwa hatua moja yenye jina "mwisho", msomaji hana la kufuata.

Mahojiano yakifika, usianze kwa kutaja teknolojia. Anza na mtu: nyumba ya wageni ya vyumba sita, daftari lilikuwa likifanya hivi, nikajenga hivi, akalalamika hivi, nikabadilisha hivi. Uwe tayari kufungua msimbo na kubadilisha kitu papo hapo, kwani watakuomba. Wapo watakaokuchuja kwa shahada kabla ya kuuona mradi, na huko mradi haukusaidii. Peleka maombi kwingine.

Ukiajiriwa ukahamia Nairobi, shangazi bado ana wageni. Tangu mwanzo jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lake, na ada ya mwaka ailipe yeye akijua ni shilingi ngapi. Mwekee kitufe cha kutoa wageni wote kwenye jedwali la kawaida linaloweza kuchapishwa, mwonyeshe mpwa mwingine namna ya kukitumia, na mwambie daftari asilitupe.