Rekodi za simu kwenye PABX ya Panasonic: usinunue programu kwanza

Mkuu, umesema ofisini kwenu mna KX-TDA100, yaani mtambo wa Panasonic unaogawa simu za ofisi (PABX), bosi anataka kila mwezi ajue nani kapiga wapi na kwa muda gani, na muuzaji kawatajia programu ya bei mbaya. Subirini kidogo. Mtambo kama huo nimehangaika nao karibu miaka miwili kwenye hoteli moja Arusha.

Rekodi mnazotafuta mtambo unazitoa wenyewe. Panasonic wanaziita SMDR, yaani kumbukumbu ya kila simu. Simu ikikatwa tu, unatema mstari mmoja: tarehe, saa, ekstensheni (namba ya simu ya ndani ya ofisi), laini ya nje, namba iliyopigwa, muda. Za kuingia zina alama <I>. Zamani mistari hiyo ilikwenda kwenye printa, ndiyo maana imepangwa kama karatasi na vichwa vinajirudia kila ukurasa. Wewe weka kompyuta mahali pa printa: kebo ya siriali (ya RS-232), adapta ya USB kama kompyuta haina tundu lake, na PuTTY, programu ya bure, ikiandika kila kinachoingia kwenye faili. Ukiona takataka badala ya herufi, kasi ya kutuma data iliyowekwa kwenye mtambo na ile ya kwenye kompyuta hazilingani. Mitambo mingine ya Panasonic, KX-TDE na KX-NS, haihitaji hata kebo hiyo. Unaingia kwa mtandao, mlango (port) 2300, jina SMDR, nywila PCCSMDR. Nywila hiyo ibadilisheni, kila fundi anaijua.

Nafasi ya mtambo kuhifadhi rekodi ni ndogo, ikijaa za zamani zinafutwa. Mimi nilipoteza simu za wikiendi nzima kwa sababu kompyuta ilikuwa imeachwa ijilalie yenyewe. Zima mambo ya kulala, na iwe kwenye UPS (betri ya dharura umeme ukikatika) moja na mtambo.

Sasa muda, hapo ndipo niliumbuka. Mgeni aligoma kulipa simu ya dakika moja, anasema iliita tu, haikupokelewa. Nikamtetea mtambo mbele ya meneja. Kumbe mgeni alikuwa sahihi! Kwenye laini za kawaida za shaba, mtambo haujui kama upande wa pili wamepokea. Ukimaliza kupiga namba unaanza kuhesabu, na mlio wa kuita unaingia humo humo. Dawa ni kampuni ya simu igeuze polariti ya laini (chanya na hasi zibadilishane) simu inapopokelewa, kisha nawe uwashe utambuzi huo kwenye mipangilio ya laini za nje. Sisi hatukuipata huduma hiyo, tukakubaliana simu isiyofika sekunde 40 haitozwi. Laini za kidijitali (ISDN) na za kupitia intaneti (SIP) hazina shida hii, mtandao wenyewe unatoa taarifa ya kupokelewa.

Halafu mwambie bosi mapema: mapokezi wakimpigia mtu simu ya nje kisha wakamhamishia, ekstensheni yao nayo inaonekana kwenye rekodi, ikiwa na alama TR. Binti wetu wa mapokezi alishaandikiwa barua ya onyo kwa simu ya Ujerumani ambayo mzungumzaji alikuwa meneja mwenyewe.