Droni yangu ina sensa za kukwepa vitu, mbona imeparamia waya?

SWALI: Kaka shikamoo. Mi napiga picha za harusi hapa Tanga, juzi jioni kule Raskazone nikarusha droni nimpate bi harusi na bahari nyuma yake, mara ikaparamia waya wa umeme ikadondoka, propela mbili zimevunjika. Aliyeniuzia alisema inakwepa yenyewe. Ni mbovu au nimepigwa? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, propela utanunua zingine ila ile shoti ya bi harusi ndo imeenda. Droni yako si mbovu. Nyingi za kupigia picha zinaona kwa kamera mbilimbili kama macho yetu, zinalinganisha picha ya jicho hili na ya lile ndo zinapata umbali, sasa hesabu hiyo inataka kitu chenye sura, ukuta, mnazi, bati, lakini waya mwembamba na anga nyuma yake macho hayana pa kushika, kioo nacho hivyohivyo, na giza likianza kuingia ndo kabisa. Haya yameandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, muuzaji angekusomea.

Halafu, uliweka modi ya spoti, ile ya kwenda kasi? Droni nyingi ukiweka hiyo zinazima kukwepa. Na je, ilikuwa inaenda ubavu? Droni ya Phantom 4 ya mwaka 2016 ilikuwa inakwepa vya mbele tu, na mpaka leo zipo nyingi za bei nafuu ambazo ubavuni hazina jicho.

Ila kinachonitisha zaidi ni ndege zenye watu, maana Tanga uwanja wa ndege uko hapahapa mjini na vindege vinashuka chini kweli. Macho ya droni yanafika makumi ya mita tu, ndege inazimaliza kwa sekunde moja au mbili. Zipo droni zenye kipokezi kinachonasa mawimbi ya ndege zinazojitangaza zilipo, nzuri sana, lakini nyingi zinakupigia alamu tu, kuishusha ni kazi yako wewe, na ndege isiyojitangaza haionekani. Kwahiyo kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza, usirushe njia ya ndege hata kama bwana harusi anakuahidi hela nzuri.

Harusi ijayo nenda eneo mapema jua likiwa juu, zunguka kwa miguu, tafuta nguzo maana nguzo unaiona kirahisi kisha fuata waya unaelekea wapi. Ukirusha panda wima kwanza mpaka uzipite, ndo uende mbele. Na ule urefu ambao droni inapanda ikirudi yenyewe pale ilipoanzia, uweke juu ya minazi, usiache ule iliokuja nao.