Jibu: "Organization WH" kwenye orodha ya marejeo

Habari ndugu. Umesema kwamba baada ya kubadili mtindo wa marejeo kutoka APA kwenda Vancouver kwa kutumia Zotero (programu ya kutunza na kupanga marejeo), mwandishi wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (World Health Organization) anaonekana kama "Organization WH", na ukisahihisha kwa mkono kosa linarudi.

Kosa halimo kwenye mtindo, bali kwenye kumbukumbu ya ripoti yenyewe. Ifungue ndani ya Zotero na utazame kwanza sehemu ya mwandishi: karibu kila mara jina huwa limegawanywa visanduku viwili, kana kwamba "Organization" ni jina la ukoo, na Vancouver hufupisha majina yanayobaki kuwa herufi za mwanzo. Bofya kitufe kidogo kilicho pembeni mwa jina ili visanduku viwe kimoja, hakikisha jina zima linasomeka sawasawa, kisha urudi kwenye Word na ubonyeze Refresh. Mimi nilipoteza jioni nzima nikisahihisha chini ya makala, kazi ya kutwanga maji kwenye kinu, kwa sababu orodha ile huandikwa upya kila inapohuishwa.

Ukiwa hapohapo, kagua pia majina ya majarida, kwani Vancouver huyataka kwa ufupisho wa MEDLINE, hifadhidata ya makala za tiba, kama "East Afr Med J". Kuhusu idadi ya waandishi, majarida mengi hutaja sita kisha "et al." (yaani "na wenzao"), lakini kwa kuwa hukutaja jarida lako, fuata maelekezo yake kwa waandishi.