Kuinama kugusa vidole na maumivu ya mguu

Dada uliyeuliza kama zoezi la kuinama kugusa vidole miguu ikiwa imenyooka litakusaidia maumivu ya mguu, hilo liache kwanza, maumivu yakianzia kiunoni yakashuka takoni mpaka unyayoni mara nyingi neva imebanwa, ukiivuta hivyo ndo unaichokoza. Lala chali kwenye mkeka, kifundo cha mguu unaouma kiweke juu ya goti la pili, vuta paja la huo mguu wa pili usiouma taratibu kuja kifuani, sekunde 30 hivi, usikie kuvutika takoni tu, ukisikia shoti inashuka mguuni achia hapohapo. Na kukaa muda mrefu kwenye foleni ya Mbagala nako kunachangia, ukishuka tembea kidogo. Ila ukifa ganzi sehemu za siri au mkojo ukagoma, hapo siyo mazoezi tena, wahi emajensi Muhimbili usiku huohuo.