Mwanangu anatakiwa aigize kosa lake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa miaka 16 yuko mahabusu ya watoto, kesi yake haijaamuliwa. Pale kuna kikundi cha maigizo, naye alikipenda mno. Sasa linaandaliwa onyesho la wageni, na mwelekezi anataka kila kijana aigize kosa linalomkabili. Mwanangu amegoma. Ameambiwa ni mkaidi, asipobadilika atatolewa kikundini. Nimshauri akubali tu?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Usimshauri akubali. Anatakiwa asimame mbele ya watu aonyeshe alivyofanya jambo ambalo mahakama haijasema kama alilifanya! Kanuni za Beijing za Umoja wa Mataifa, za mwaka 1985, zinataka faragha ya mtoto ilindwe katika kila hatua ya kesi, na kisitangazwe chochote cha kumtambulisha.

Nimefundisha maigizo kwa vijana walio kizuizini, na sianzi kamwe na makosa yao. Tunaanza na mwili: tembea kama mtu aliyechelewa, kaa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Baadaye kila mmoja anajitungia mhusika mwenye jina lisilo lake, na kupitia mhusika huyo husemwa mengi ambayo kijana asingemwambia afisa yeyote. Kijana mmoja mkimya alijichagulia kuwa mzee aliyeibiwa baiskeli. Hakuna aliyemwagiza. Alizunguka jukwaa zima akiitafuta, akimuuliza kila mtu, mpaka wenzake wakaanza kubishana ni nani amrudishie.

Augusto Boal, mwelekezi wa maigizo wa Brazil, alituachia njia ninayoipenda kuliko zote. Igizo likifika pabaya linasimamishwa, mtazamaji anapanda, anachukua nafasi ya mhusika na kujaribu uamuzi mwingine. Wanarudia, wanajaribu tena. Hapo kijana anafanya mazoezi ya kuchagua, bila kuungama chochote.

Hilo la kumtoa kikundini limeniudhi. Sanaa si peremende ya kumtuza mtoto mtiifu. Kanuni za Havana za mwaka 1990, zinazowalinda watoto walionyimwa uhuru, zinasema wawe na muda wa burudani kila siku, na sehemu yake iwe ya kukuza stadi za sanaa na kazi za mikono kwa mtoto anayependa. Basi asinyimwe kama adhabu, wala asilazimishwe.

Zungumza na wakili wake kabla ya onyesho, kisha na afisa ustawi wa jamii. Uliza nani atapiga picha, na kama kuna video, itahifadhiwa wapi na nani ataiona. Mwelekezi huenda hana nia mbaya, kwa hiyo mwendee kwa upole: mwanao apewe mhusika wa kubuni, au ashughulikie ngoma na mavazi. Na akikataa kabisa kupanda jukwaani siku hiyo, aachwe, ila arudi mazoezini wageni wakishaondoka. Mazoezi yanamfaa kuliko onyesho.