Meli ipi kwa watoto? Maswali yenu, majibu ya Shangazi

Tangu niguse habari za likizo za watoto, wasomaji wa Kanda ya Ziwa mmenijaza maswali ya meli. Wengine mmealikwa na ndugu wa ughaibuni kwenye zile meli kubwa za kitalii, wengine mnataka tu kuvuka hadi Bukoba bila mtoto kuwatapikia. Nimeyachanganya makusudi. Mtoto wa miaka mitatu hajui kama yuko Karibea au Kemondo, anachojua ni kwamba amebanwa na choo kiko mbali.

Mwangaluka Shangazi. Mdogo wangu anaishi Houston, Marekani, na anataka kutulipia safari ya meli ya wiki moja, mimi na wanangu wa miaka 2 na 7. Ametaja Disney, Royal Caribbean na Carnival, anasema nichague. Mimi zote nazionea kwenye simu. (Mama wa Nyegezi)

Mwangaluka mama. Picha za kwenye simu zitakuonyesha miteremko ya maji, na huyo wa miaka 7 ameshachagua zamani. Wewe mwangalie wa miaka 2, maana ndiye atakayekufanya upumzike au usipumzike.

Klabu za watoto za Disney na za Royal Caribbean zimo ndani ya nauli, ila zinaanzia miaka 3 na mtoto awe ameshaacha pampasi. Aliye chini ya hapo ana chumba chake cha kulelewa, kuanzia miezi 6, lakini unalipia kwa saa. Carnival wao wanampokea wa miaka 2 bila kukudai kitu, pampasi na yote. Kwa mama mwenye watoto wawili na mikono miwili tu, hilo peke yake linanitosha kukwambia chukua Carnival safari hii. Na kawaida kati ya hizo tatu ndiyo yenye bei ya chini, Disney ndiyo ya juu.

Si kwamba Disney wanauza jina tupu. Meli zao hazina kasino, kwa hiyo hupiti na mtoto katikati ya moshi na kelele za mashine ukielekea kula. Jioni mnahamishwa ukumbi mmoja hadi mwingine, na wahudumu wenu wanahama nanyi. Kufikia siku ya tatu yule kijana anajua nani hali nyanya. Vyumba vyao vingi vina choo upande mmoja na bafu upande mwingine. Aliyewahi kuwaandaa watoto wawili kwa wakati mmoja ataona thamani yake. Mngojee huyo wa miaka 2 afike miaka 4 au 5, kisha mwambie mdogo wako akusanye hela tena.

Royal Caribbean ni ya watoto wanaokimbia. Meli yao ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina mabwawa 7 na miteremko ya maji 6, na ikihesabiwa watu wawili kila chumba inabeba abiria 5,610, karibu mara tano ya wanaoingia kwenye meli yetu ya MV Victoria. Ila hiyo inaanzia Miami. Ninyi mtafikia Houston, na bandari ya karibu ni Galveston, kama kilomita 80 hivi. Royal na Carnival wote wana meli pale, Disney huja kwa msimu.

Mambo mawili yasije yakakukuta melini. Kwenye meli zinazoanzia Marekani mtoto wa pampasi haingii bwawani, hata akivaa zile pampasi za kuogelea. Ni sheria ya afya, usigombane na mhudumu. Baadhi ya meli za Disney na Royal zimewatengea wadogo sehemu ya kurushiwa maji, kwa hiyo hapo Carnival itakupunja kidogo. La pili ni viza. Meli za Galveston nyingi huenda Cozumel, Mexico. Mkirudi mnaingia Marekani upya, na viza ya kuingia mara moja itakuwa imeshatumika. Hakikisha hilo kabla mdogo wako hajalipa hata senti.

Shangazi, nimeona tangazo la kampuni ya meli za kitalii ya MSC kwamba watoto wanasafiri bure. Nina watatu. Kuna ukweli au ndiyo yale yale? (Baba wa Igoma)

Ukweli upo, na maandishi madogo yapo. MSC katika safari zao nyingi hawadai nauli ya mtoto anayelala chumba kimoja na watu wazima wawili. Kodi na ada za bandari unamlipia. Bahashishi za wahudumu hukatwa kwa kila kichwa kwa kila usiku, na kwenye meli hizi kubwa kwa jumla ni kama dola 14 hadi 20 kwa mtu mzima. Uliza ya mtoto ni kiasi gani. Kisha hesabu vitanda. Chumba cha kawaida kinaishia watu wanne, na ninyi ni watano ukimhesabu mama yao, kwa hiyo mtapewa viwili au kikubwa zaidi, na hapo hiyo "bure" inabadilika sura.

Ninachowapendea MSC ni kwamba hawako mbali na sisi. Msimu wa joto kule kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, huwa na meli Durban zinazopandisha hadi Msumbiji, na Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi ya siku zisizozidi 90. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na kama mama yao hasafiri, barua yake ya kuridhia. Kule wako makini sana na watoto wanaovuka mpaka.

Kwenye klabu yao ya watoto, vitu vya kuchezea ni Lego tele. Chakula wanasifiwa piza. Mengine mtavumilia.

Mwanangu, mimi ni bibi niko Kemondo. Wajukuu wangu wako Mwanza na kila likizo nawaomba waje kwa meli kama tulivyokuwa tukisafiri sisi. Baba yao anakataa, anasema bado anaikumbuka MV Bukoba. Nimwambieje?

Shikamoo bibi. Kwanza usimwambie kwamba hofu yake ni ya kitoto. Meli hiyo ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ilichukua mamia ya watu, na makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Kote kuwili watu walikuwa wamezidi. Mtoto wako haogopi maji, anaogopa tamaa ya watu, na hapo hana kosa.

Kwa hiyo mpe vitu vya kukagua. Victoria ilijengwa Scotland, ikaja vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa upya na kurudi majini 2020 ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Sasa imepata na mwenzake, MV Mwanza, iliyoundwa hapa hapa Mwanza, mita 92.6. Si mitumbwi hiyo. Lakini ukubwa wa meli haumzuii mtu kujaza kupita kiasi, kwa hiyo mwambie afanye haya.

Kila mtoto aandikwe jina lake kwenye orodha ya abiria, hata wa mgongoni. Watu wengi hawaandikishi wachanga kwa kuwa hawalipiwi, na siku ya msiba hakuna anayejua walikuwa wangapi. Kabla meli haijang'oa nanga aombe jaketi okozi la mtoto, si la mtu mzima lililokunjwa. Amvalishe, afunge kamba zote, kisha alishike mabegani alivute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa; mtoto akiangukia majini atachomoka kwa chini. Litafutwe jingine, au mkanda wa kupitisha katikati ya miguu. Hilo ni jambo la dakika mbili, na hata kwenye hizo meli za Marekani hakuna kuondoka kabla abiria hajaelekezwa jaketi liko wapi na akusanyike wapi.

Akiona daraja la tatu watu wamesimama hadi kwenye ngazi, ashuke na tiketi yake. Bibi atangoja wiki moja.

Na awakatie chumba cha kulala, si kiti. Safari ni ya usiku kucha, na meli ikifunga Kemondo alfajiri, wapakuaji na makelele ya mizigo yatawaamsha wajukuu zako bila msaada wa mtu. Wewe kaa pale gatini na ndizi zako.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, tumepewa nafasi kwenye meli ya kitalii miezi minane kutoka sasa. (Baba kijacho, Musoma)

Miezi minane kutoka sasa mtoto atakuwa na miezi minne, na meli nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6. Zipo safari ndefu zinazotaka afike mwaka mzima. Ahirisheni. Na mkifikiria kuiwahisha safari kabla hajajifungua, kampuni hizi kubwa karibu zote hazipokei mwenye mimba iliyofikia wiki 24 kabla safari haijaisha.

Mwanangu wa miaka 6 anatapika tukivuka kwenda Nansio, hata ziwa likitulia. Dawa gani? (Mama wa Ukerewe)

Umri wake ndio wenyewe. Wa chini ya miaka 2 ni nadra kusumbuliwa, kuanzia hapo hadi 12 ndiyo kipindi kibaya. Mkalishe katikati ya meli, ghorofa ya chini, uso mbele, na umnyang'anye simu. Anayetazama kioo huku tumbo linayumba atatapika tu. Asipande na njaa wala asishibe chai ya maziwa. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kinatosha. Promethazine inauzwa maduka yote ya dawa, lakini kipimo cha mtoto aseme mfamasia, na kama ana mdogo wake wa chini ya miaka 2, asipewe kabisa.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 15, wazazi wanataka nisafiri na wadogo zangu kwenye meli ya Disney. Si nitaonekana mtoto? (Kijana wa Isamilo)

Marahaba. Wana klabu yenu ya miaka 14 hadi 17, mlangoni wazazi hawaingii. Nenda, mjukuu wa watu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanafunzi wangu hawapandi tena kivuko. Wako ambao hawajawahi kuelea. Nifanyeje kwa bajeti ya shule?

Mwalimu, umenifurahisha kuliko wote. Daraja limetuokoa na foleni, lakini kilomita 3 juu ya maji hazimfundishi mtoto maji. Kivuko cha Kamanga bado kipo. Waje nacho hadi mjini, wamwone baharia anavyotupa kamba, wahesabu maboya yaliyotundikwa. Kisha Capri Point wachukue boti kwenda Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache tu kutoka gatini. Gawanya darasa, boti ya watu ishirini ipande ishirini, na mwalimu mmoja kila boti. Asiingie mtu majini kuogelea, kichocho hakijaondoka ziwani na mamba hawajahama. Nauli na viingilio vya kundi la wanafunzi uliza mapema, nenda na barua ya mwalimu mkuu yenye mhuri.